Aisingi ya keki ya harusi Pwani: ipi isimame ukumbini, ipi ibaki kwenye friji

Keki ya harusi Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja kwa kawaida hufika ukumbini alasiri na kukatwa saa tatu au saa nne usiku. Muda wote huo inasimama kwenye stendi, taa za mpiga video zikiimulika, na kiyoyozi mara nyingi huwashwa wageni wakishaanza kuingia. Kati ya Desemba na Machi joto la mchana Dar hufika nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, na hewa ina unyevu wa kutosha kulowesha sukari. Siagi halisi huanza kulegea ikizidi nyuzi 20, na kwenye nyuzi 32 hadi 35 inageuka mafuta. Kwa hiyo ukumbi ndio unaochagua aisingi, na picha ya kwenye simu inafuata baadaye.

Kamati nyingi hufanya kinyume. Humletea mpambaji picha ya keki ya Mwanamfalme Harry na Meghan Markle ya Mei 2018, kazi ya Claire Ptak, iliyopakwa batakrimu (aisingi ya siagi na sukari) ya meringi ya Uswisi, yaani iliyochanganywa na ute wa mayai uliopigwa, na kupambwa kwa maua mabichi, wakataka ileile kwa harusi ya Februari Kigamboni. Keki ile ilitengenezwa kwa hali ya hewa ya Windsor, Uingereza. Keki ya William na Catherine ya Aprili 2011, kazi ya Fiona Cairns, ilikuwa ya matunda, ngazi nane, imevikwa aisingi nyeupe na maua ya sukari. Ukitaka mfano wa kuiga huku kwetu, shika huo wa pili.

Tunaanza na fondanti, yaani donge la sukari linalokandwa, kusukumwa na kuvikwa keki kama koti, kwa sababu ndiyo inayobeba keki nyingi za harusi Pwani, na ndiyo inayolaumiwa zaidi. Sifa yake kubwa ni uso laini usio na mstari wa kisu, kingo kali, na uwezo wa kukaa nje bila friji. Kasoro yake ni utamu mkali na ladha hafifu, ndiyo maana wageni wengi huibandua na kuiacha kwenye sahani. Kasoro hiyo kwa kiasi kikubwa ni ya unene. Fondanti ya milimita 6 ni adhabu. Ya milimita 3 inalika pamoja na keki bila mtu kuihisi sana. Mpambaji anayesukuma nene huwa anaficha keki isiyonyooka chini yake, na hilo ndilo swali la kwanza la kumuuliza: unasukuma milimita ngapi?

Ya dukani ni bora kuliko ya nyumbani kwa keki kubwa, kwa kuwa inavutika zaidi na haibadiliki kati ya kilo na kilo. Chapa zinazojulikana ni kama Renshaw ya Uingereza na Satin Ice ya Marekani. Kwa joto na unyevu, Massa Ticino Tropic ya Carma ilitengenezwa mahsusi kwa mazingira kama yetu na ndiyo tunayoipendelea inapopatikana, ingawa bei yake huumiza. Lebo inasema mengi. E413 ni tragakanthi na E466 ni CMC, gundi zinazosaidia fondanti isichanike. E422 ni gliserini, inayoilainisha lakini pia huvuta maji kutoka hewani. Familia ya Kiislamu itazame kama kuna jelatini na imetokana na mnyama gani, na familia isiyokula nyama itazame E120, rangi nyekundu inayotokana na wadudu. Jambo hili liulizwe siku ya kuagiza. Usiku wa harusi hakuna wa kulijibu.

Ya nyumbani inawezekana. Mchanganyiko wa kawaida ni jelatini gramu 15, maji baridi mililita 60, glukosi mililita 120, gliserini kijiko kikubwa 1, mafuta mgando meupe vijiko vikubwa 2 na sukari ya aisingi gramu 900. Jelatini ilowe dakika 5, kisha iyeyuke juu ya maji ya moto bila kuchemka, kwa sababu ikichemka nguvu ya kugandisha hupungua. Ongeza glukosi na gliserini, kisha mafuta. Ikipoa kuwa vuguvugu changanya nusu ya sukari, halafu kanda iliyobaki kidogo kidogo mpaka isishike mikono. Funga kwa nailoni bila hewa ilale usiku mmoja. Kwa miezi ya unyevu punguza gliserini iwe nusu kijiko na ongeza kijiko kidogo kimoja cha unga wa tailosi, gundi ya unga inayoimarisha fondanti. Sukari ya kawaida iliyosagwa kwenye blenda haifai. Chembe zake huonekana usoni kama mchanga, na hazina ule wanga wa mahindi unaowekwa kiwandani kuzuia mabonge.

Kiasi cha kununua kwa keki ya duara yenye kimo cha inchi 4: inchi 6 inakula takribani gramu 500, inchi 8 gramu 700, inchi 10 kilo 1, inchi 12 kilo 1.4. Keki ya ngazi tatu ya 6, 8 na 10 basi inahitaji kilo 2.2, na uongeze robo kilo ya akiba. Hesabu hiyo ni ya koti tu. Maua, riboni na ubao wa chini vina hesabu yao, na mwenye harusi anayepewa bei ya jumla bila mchanganuo huo ana haki ya kuuomba.

Kuvika kwenyewe ndiko kunakotenganisha fundi na mwanafunzi. Upana wa kusukuma ni kipenyo cha keki jumlisha kimo mara mbili, na sentimita 5 za ziada. Kwa keki ya sentimita 20 yenye kimo cha sentimita 10 unasukuma duara la sentimita 45. Meza inyunyizwe wanga wa mahindi kidogo sana au ipakwe mafuta mgando membamba. Wanga ukizidi, uso unakauka na kupasuka vikunyanzi vidogo kwenye kingo. Paka keki maji kwa brashi, kiasi cha kunata tu. Beba fondanti kwa mti wa kusukumia na uishushe, kisha bana ukingo wa juu kwanza, pande zote, kabla hujagusa ubavuni. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanaanza kulaza ubavu, uzito wa sketi unavuta, na ukingo unachanika. Ukishabana juu, fungua mikunjo kwa kiganja ukiivuta nje kidogo na kuilaza, usiivute chini. Kata ukiacha sentimita 1, lainisha kwa kibao cha plastiki, kisha kata mara ya pili usawa na ubao. Povu la hewa litobolewe kwa sindano safi iliyoinamishwa, hewa isukumwe kwa kidole na tundu lilainishwe kwa kiganja.

Tumbo linalojitokeza katikati ya keki saa chache baada ya kuvikwa ni malalamiko ya kila msimu. Halitokani na fondanti. Tabaka za keki zenye krimu laini katikati zinaendelea kushuka kwa uzito wake, na hewa iliyobanwa inatafuta njia. Dawa yake ni kupanga tabaka siku moja kabla, kuizungushia nailoni, kuweka juu kigae safi cha sakafuni, na kuiacha usiku kucha ishuke yenyewe. Keki yenyewe iwe ya siagi yenye uzito. Keki laini ya mayai mengi na hewa nyingi haibebi koti hili.

Sasa friji. Keki yenye fondanti ikitoka kwenye friji kuingia hewa ya Mombasa inatoka jasho ndani ya dakika chache, rangi nyeusi na nyekundu zinachuruzika, na kila alama ya kidole inabaki. Ikitokea, usifute. Washa feni iielekee kwa mbali na iache ikauke yenyewe. Bora zaidi ni kuibeba ndani ya boksi lililofungwa na kulifungua tu keki ikishafikia joto la chumba, ili jasho litue kwenye boksi na keki ibaki kavu. Kiyoyozi cha gari nacho kisiwekwe baridi sana, maana kinaleta jasho lilelile mlangoni pa ukumbi.

Kilicho chini ya fondanti kina uzito sawa na fondanti yenyewe, na hapa tuna upande. Ganashi, mchanganyiko wa chokoleti na krimu, ndiyo msingi bora wa keki ya harusi ya Pwani. Kawaida ya chokoleti nyeusi ni sehemu 2 kwa sehemu 1 ya krimu, lakini kwa joto letu pandisha iwe 2.5 kwa 1, yaani gramu 750 za chokoleti kwa gramu 300 za krimu yenye mafuta asilimia 35. Nyeupe ianzie 3.5 kwa 1, kwa kuwa ina mafuta na sukari nyingi na hugandia laini. Krimu ichemke pembeni tu, imiminwe juu ya chokoleti iliyokatwakatwa, isubiri dakika 3, kisha ikorogwe kutoka katikati kwenda nje. Iache ilale mpaka iwe nzito kama siagi ya karanga, hapo ndipo inapakika. Ikikatika na mafuta kuelea, ongeza kijiko kikubwa cha krimu ya vuguvugu na ukoroge taratibu, na irudie tena ikibidi. Keki ikishapakwa ilale usiku kwenye chumba cha ubaridi. Asubuhi kingo zake ni ngumu, na fondanti inazifuata. Chokoleti ya kompaundi, ambayo ina mafuta ya mboga badala ya siagi ya kakao, inavumilia joto zaidi na kwa bei nafuu. Ladha yake ina nta kidogo. Kwa safu nyembamba chini ya koti tunaikubali, kwa kujaza katikati hatuikubali.

Batakrimu inafuata. Ya kawaida ni siagi gramu 225 kwa sukari ya aisingi gramu 450 na vijiko viwili vya maziwa. Ukibadilisha nusu ya siagi kwa mafuta mgando meupe inasimama vizuri zaidi na inakuwa nyeupe. Kuna utelezi unaobaki kinywani, na huo ndio unaolipia uimara. Majarini ya kupaka mkate isitumike kabisa, kwa sababu ina maji mengi kuliko siagi, ina chumvi na umanjano, na mchanganyiko wake huteleza ubavuni. Anayetaka weupe wa kweli kwa siagi halisi atumie vanila isiyo na rangi, aipige siagi peke yake dakika 5 hadi 7 kabla ya sukari, kisha achovye ncha ya kijiti kwenye rangi ya jeli ya zambarau na kuigusisha. Zambarau inaua umanjano. Ikizidi ncha ya kijiti, umepata kijivu.

Batakrimu ya meringi ya Uswisi ndiyo yenye ladha nzuri kuliko zote katika orodha hii: laini, haina utamu wa kukwaruza koo, na inang'aa kama hariri. Uwiano wake rahisi kwa mizani ni ute wa mayai 1, sukari 2, siagi 3. Ute na sukari vipashwe juu ya maji ya moto hadi nyuzi 71, vipigwe mpaka bakuli lipoe kabisa, kisha siagi iingie kipande kwa kipande. Ikiwa uji, siagi ilikuwa na joto mno. Weka bakuli kwenye friji dakika 15 na upige tena. Ikikatika kama maziwa yaliyoganda, ilikuwa baridi mno. Endelea kupiga, itarudi. Kwa harusi ya Nairobi, Arusha, Iringa au Mbeya hii ndiyo chaguo letu la kwanza, hata bila fondanti. Kwa ukumbi wa wazi Bagamoyo au Diani, hapana. Ikizidi saa moja kwenye nyuzi 30 kingo zake zinaanza kuwa duara, na ngazi ya juu inaanza kuinama.

Krimu ya kupiga ya mafuta ya mboga, ile ya boksi inayotoka ikiwa imegandishwa, imejaa mabekari yote. Ni nyepesi, haina utamu mwingi, na watu wazima wanaipenda. Iyeyuke ndani ya friji, ipigwe ikiwa baridi, na isimamishwe inapotoa vilele laini, maana ikipigwa kupita hapo inajaa matundu na kupasuka. Ni nzuri kwa kitchen party, au kwa zile keki ndogo za kuwakabidhi wazazi zikitunzwa kwenye friji mpaka wakati wake. Usiweke fondanti juu yake. Maji yake yanaiyeyusha fondanti kutoka chini, na ndani ya saa chache koti linateleza.

Aisingi ya royali, ile ya sukari na ute wa mayai inayokauka ngumu, tumeiweka mwisho wa aina hizi kwa sababu ndiyo inayoleta uzuri wenyewe. Kuivika keki nzima kwayo ni kazi ya keki ya matunda yenye marzipani (donge la lozi na sukari), kwa kuwa inakauka ngumu na keki laini inavunjika chini yake. Kwa mapambo juu ya fondanti haina mpinzani. Pima sukari ya aisingi gramu 450, unga wa meringi vijiko vikubwa 3 na maji ya vuguvugu vijiko vikubwa 6, upige kwa spidi ndogo dakika 7 hadi 10. Unga wa meringi ni salama kuliko ute mbichi, kwa kuwa umeshapashwa kiwandani kuua vijidudu. Bakuli na mwiko visiwe na hata alama ya mafuta, la sivyo haitasimama. Muda wote ifunikwe kitambaa chenye unyevu, kwa sababu utando mkavu wa juu ukichanganyika ndani utaziba nozeli, yaani mdomo wa mfuko wa kukamulia, na sukari ichekechwe mara mbili kwa sababu hiyohiyo.

Pambo la royali linaloikaa keki ya Pwani kuliko ruwaza nyingi za kuagiza ni hina. Bibi harusi tayari amechorwa mikono na miguu, na keki inaweza kubeba maua yaleyale, kwa rangi ya hina iliyoiva kwenye fondanti ya krimu, au nyeupe juu ya nyeupe, ambayo ndiyo ya kifahari zaidi. Fondanti ikae saa 24 kwanza ili uso uwe mgumu, maana kwenye fondanti mbichi ncha ya nozeli inachimba. Chora ruwaza kwenye karatasi nyembamba, izungushie keki, na utoboe mistari mikuu kwa sindano ili kuacha nukta za kufuata. Nozeli namba 1 kwa vijani na nukta, 1.5 au 2 kwa shina. Aisingi iwe na kilele kinachoinama kidogo. Gusa keki mahali pa kuanzia, inua nozeli sentimita 2 huku ukikamua, acha uzi ushuke wenyewe ukiuongoza, kisha gusa tena mahali pa kumalizia na uache kukamua kabla ya kuinua. Uzi ukikatika, aisingi ni nzito au unaenda haraka kuliko unavyokamua. Ukijikunja kama chemchemi, unakamua kuliko unavyoenda. Kosa likitokea, liache likauke nusu, liinue kwa ncha ya sindano, futa alama kwa brashi iliyokaribia kuwa kavu. Siku za mvua mistari hii hukauka polepole, basi ifanyiwe kwenye chumba chenye kiyoyozi na keki isiingie friji tena baada yake.

Maua ya sukari hutengenezwa kwa fondanti iliyotiwa tailosi, kijiko kidogo kimoja kwa gramu 225, na kwa unyevu wetu yapewe siku mbili au tatu za kukauka mbele ya feni. Waya wake usichomwe moja kwa moja kwenye keki. Ingiza kwanza mrija wa plastiki wa chakula. Anayetaka maua mabichi, asumini ndiyo salama na ndiyo yetu. Waridi la dukani mara nyingi limepigwa dawa za shambani, basi shina lifungwe na petali zisilale kwenye aisingi. Oleanda ni sumu na isikaribie keki, na utomvu wa mfranjipani unawasha.

Rangi ya kamati nayo ina masharti. Maruni, buluu nzito na nyeusi zinunuliwe fondanti ikiwa tayari na rangi, kwa sababu ukiipaka rangi mwenyewe unaongeza unyevu mpaka inalegea, na midomo ya wageni inabaki na rangi kwenye picha. Zambarau hupauka kuwa buluu ikikaa juani au chini ya taa kali. Dhahabu ichanganywe na pombe kali ndipo ipakike kama rangi, kama wengi wanavyofanya, au kwa harusi ya Kiislamu ipakwe kavu kwa brashi laini, au kwa tone la mafuta meupe ya mboga. Maji hayafai, yanayeyusha uso.

Na poda yenyewe isomwe lebo. Inayoliwa huandikwa kuwa inaliwa na huorodhesha viambato. Iliyoandikwa tu kwamba haina sumu ni ya pambo lisiloliwa, na nyingine zina madini tupu. Mwaka 2018 huko Rhode Island, Marekani, watoto sita waliugua kwenye sherehe ya kuzaliwa baada ya kula keki iliyopakwa poda ya dhahabu ya waridi ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa shaba. Vikopo vya namna hiyo huuzwa rafu moja na poda halali, bila orodha ya viambato. Mwambie mpambaji akuonyeshe kikopo kabla hajakifungua.